Gari Linazima Kwenye Joto: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Swali la gari linalozima likipata joto hurudi kila mwaka kabla mvua hazijaanza, Oktoba na Novemba. Gari limetoka Mbeya asubuhi bila tatizo, limeteremka Kyela, limeegeshwa juani, na wakati wa kurudi linazima njiani kabla ya Tukuyu. Au limepita Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, likazima katikati ya mlima wa Kitonga. Ukingoja nusu saa linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Kesho yake asubuhi unalipeleka gereji, kuna baridi, fundi anawasha, injini inanguruma vizuri. Hapo ndipo kukisia kunapoanza: plagi, kisha koili, kisha pampu. Fedha inaisha na gari bado linazima.

Hitilafu ya joto huonekana joto likiwepo tu. Dakika kumi au ishirini za kwanza baada ya gari kuzima ndizo zenye ushahidi, na wengi huzipoteza kwa kukaa kivulini wakingoja lipoe. Mwongozo huu unaeleza cha kufanya ndani ya dakika hizo, kisha namna ya kuthibitisha ukiwa nyumbani. Unahusu magari ya petroli yenye nozeli, hasa Toyota zilizojaa barabara zetu: IST, Vitz, Premio, Corolla, Noah. Magari ya kabureta na ya dizeli yamegusiwa kwa ufupi mwishoni.

Vitu vya kuwa navyo ndani ya gari

- Multimita ya kawaida, hata ile ya bei ya chini kabisa, ilimradi inapima volti na ohm.
- Plagi moja nzima ya akiba inayoingia kwenye koili za gari lako, na waya mfupi wenye klipu pande zote mbili.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana za 8, 10, 12 na 14.
- Relei moja ya akiba yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye relei za gari lako, na fyuzi chache.
- Kopo la dawa ya kusafishia kabureta.
- Maji lita 5, vitambaa viwili, glovu, tochi.
- Pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na wakati.
- Kifaa cha kusomea hitilafu cha OBD2 kinachounganishwa na simu, kama gari linakikubali. Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hazisomeki kwa vifaa hivi vya bei rahisi. Ujaribu kwanza ukiwa nyumbani, usisubiri kugundua hilo porini.
- Msaidizi wa kupiga stata. Peke yako utapoteza muda mwingi.

Jambo moja la kujua kuhusu nyanda za juu

Maji huchemka mapema kadiri unavyopanda. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Injini ya kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Kinachozuia rejeta yako isichemke ni presha inayoshikiliwa na kifuniko chake. Kifuniko kilicholegea kinaweza kuvumilika Dar es Salaam, lakini kwenye mlima wa kupanda Isongole hakitakusamehe.

Hatua kwa hatua

1. Tazama linavyozima. Hili halina gharama yoyote, nalo hupunguza kazi kwa nusu. Jiulize mambo manne, na uandike majibu kwenye simu kabla hujayasahau:

Je, lilizima ghafla kama mtu aliyezungusha ufunguo, au lilianza kukohoa, likakosa nguvu, ndipo likazima? Kuzima ghafla kunaelekeza kwenye umeme. Kukohoa na kupungukiwa nguvu mlimani kunaelekeza kwenye petroli, au ekzosi iliyoziba.

Taa za dashibodi zilifanya nini? Taa za oili na betri zikiwaka wakati injini inakufa, umeme wa swichi upo. Dashibodi yote ikizimika pamoja na injini, achana na pampu na sensa: kagua vichwa vya betri, waya wa hasi wa betri unaoshika bodi, fyuzi kuu na swichi ya ufunguo.

Sindano ya mizunguko ilishukaje? Ikianguka hadi sifuri papo hapo wakati gari bado linatembea likiwa kwenye gia, kompyuta ya injini imepoteza habari za mzunguko.

Linazima likiwa mwendoni, au unaposimama tu? Kama ni kusimama tu, ruka hadi sehemu ya "Linazima ukisimama".

2. Litoe barabarani. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki inabakiwa na msaada wa mikanyago miwili au mitatu tu. Usipampu breki, kanyaga mara moja na ushikilie. Usirudishe ufunguo nyuma hadi mwisho, usukani utajifunga. Kwenye kona za Kitonga usisimame ndani ya kona hata ukiwa pembeni kabisa, kwa sababu malori yanayoteremka hayakuoni. Likiwa bado linasogea, liache liende hadi mahali palipo wazi. Vuta handibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, na pembetatu moja iwe mbali nyuma yako, nyingine mbele.

3. Soma geji ya joto kabla hujagusa kitu. Washa swichi bila kupiga stata. Sindano ikiwa juu ya kawaida, au taa nyekundu ya joto inawaka, tatizo lako ni la kupoza injini. Usiendelee na hatua zinazofuata, nenda sehemu ya "Likiwa limechemsha". Gari likiwa halina geji, kama Vitz na Passo nyingi, fungua boneti unuse na kusikiliza: mvuke, harufu tamu ya kulanti, sauti ya kuchemka.

*Onyo:* usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na yanashikiliwa na presha tu. Ukikifungua, yanageuka mvuke usoni mwako.

4. Fungua kifuniko cha tangi la petroli. Kifungue taratibu huku sikio likiwa karibu. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la kupumulia la tangi limeziba na pampu imekuwa ikishindana na utupu. Jaribu kuwasha mara moja. Likiwaka na kuendelea vizuri, umepata mwelekeo. Vumbi la barabara zetu za changarawe huziba kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli na mabomba yake mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

5. Piga stata ukitazama sindano ya mizunguko. Sekunde tano, pumzisha stata nusu dakika, rudia. Katika magari mengi sindano huinuka kidogo, kwenye mizunguko 200 hadi 300. Ikilala sifuri kabisa huku stata ikizungusha injini vizuri, sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Usiifanye hukumu ya mwisho, kwa sababu kuna magari ambayo sindano haisogei hata yakiwa mazima; ndiyo sababu ujue ya kwako inavyofanya siku ambayo gari halina shida.

6. Tafuta cheche. Chomoa koili moja, chomeka plagi ya akiba ndani yake, na funga mwili wa plagi kwenye chuma cha injini kwa waya wenye klipu. Msaidizi apige stata sekunde tatu. Cheche nzuri ni ya buluu na ina sauti.

Watu hukosea hapa kwa namna tatu. Wanafungua plagi ya injini yenyewe ikiwa ya moto, na nyuzi za silinda hedi ya alumini zinachanika. Wanapiga stata bila plagi kugusa chuma, na koili inaungua, hasa zile zenye moduli ya kuwasha ndani yake. Au wanaishika plagi mkononi. Fanya jaribio mbali na harufu yoyote ya petroli.

7. Tafuta petroli. Msaidizi apige stata, wewe sikiliza kwenye mdomo wa tangi au chini ya kiti cha nyuma. Pampu nzima hutoa mvumo. Usiilaumu pampu kwa kuwa kimya swichi ikiwa imewashwa tu: katika Toyota nyingi pampu haizunguki mpaka stata ipigwe.

Kwa uhakika zaidi, legeza bomba la hewa mbele ya throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini), puliza dawa ya kabureta sekunde moja tu, rudisha bomba, piga stata. Injini ikishika sekunde mbili ikafa, cheche ipo na petroli haifiki. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na usipulize kamwe juu ya ekzosi yenye moto wala stata ikiwa inazunguka.

8. Soma majibu mawili kwa pamoja. Hapa ndipo spea nyingi hununuliwa bure.

Cheche ipo, petroli haipo: pampu, chujio, relei ya pampu au waya wake.

Petroli ipo, cheche haipo: koili au moduli ya kuwasha. Hii ni kawaida zaidi kwa injini zenye distribyuta kama 5A-FE, ambako koili moja inahudumia silinda zote. Injini yenye koili moja kwa kila plagi, kama 1NZ-FE, haizimi kwa sababu ya koili moja, itamisi tu.

Vyote viwili havipo: usiiguse pampu. Kompyuta ya injini isiposikia mzunguko wa kranki hukata cheche na petroli kwa pamoja. Tafuta sensa ya kranki, relei kuu iliyoandikwa EFI kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, au umeme unaoingia kwenye kompyuta.

9. Badilishana relei, kisha poza mshukiwa. Relei ya EFI na ya pampu (C/OPN kwenye Toyota) huweza kupasuka lehemu ndani. Zikipata joto zinaachia, zikipoa zinashika. Weka ile ya akiba, piga stata. Ikishindikana, lowesha kitambaa, kikamue vizuri, na kikandamize kwenye mwili wa sensa ya kranki kwa dakika mbili hadi tatu. Ufunguo uwe umezimwa na mikono iwe mbali na mikanda. Kama uliyemshuku ni koili au distribyuta, fanya hivyohivyo bila kulowesha soketi. Gari likiwaka papo hapo wakati injini yote bado ina moto, umempata. Hakuna jaribio la barabarani linaloaminika kuliko hili.

10. Thibitisha nyumbani kabla ya kununua. Sensa ya kranki yenye nyaya mbili hupimwa kwa ohm. Chomoa soketi, pima upande wa sensa injini ikiwa baridi, andika namba. Washa hadi ipate joto kamili, zima, pima tena mara moja. Namba kupanda kwa robo hivi ni kawaida ya waya wa shaba. Ikipanda mara kadhaa, au multimita ikasema hakuna njia kabisa, sensa imekufa. Yenye nyaya tatu haipimwi hivi. Tumia kikaushia nywele ukiielekezea joto injini ikiwa inanguruma, na uone kama inazima.

Sensa ya joto la maji nayo ipimwe. Kwenye Toyota husoma karibu ohm 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na ohm 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Ikidanganya kwamba injini bado ni baridi, petroli inamwagwa nyingi na gari linakataa kuwaka likiwa la moto.

Kama una kisomeo cha OBD2, P0335 ni sensa ya kranki, P0340 ya kamu, P0115 hadi P0118 ni joto la maji. Kukosekana kwa namba hakumaanishi gari ni zima. Hitilafu ya sekunde chache mara nyingi haihifadhiwi.

11. Pampu: pima presha ya moto. Pampu iliyochoka hupita mtihani asubuhi na kushindwa mchana. Mwambie fundi afunge geji ya presha ya petroli, kisha mwendeshe gari dakika 30 au zaidi huku imefungwa vizuri, au liache lingurume juani. Injini za 1NZ-FE na 1ZZ-FE zinataka kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Ikianza hapo na kushuka kadiri joto linavyopanda, pima kwanza volti kwenye soketi ya pampu injini ikiwa inafanya kazi. Zikiwa pungufu ya volti za betri kwa zaidi ya moja, tatizo ni waya au relei, si pampu. Kabla ya kufungua bomba lolote toa presha: chomoa soketi ya pampu, acha injini ife yenyewe.

Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Anayetembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku anaipika. Ukiwa unateremka sehemu za joto, tangi lisiwe chini ya robo, na petroli ya madumu kando ya barabara iache kama una chaguo lingine, kwa sababu uchafu wake huishia kwenye chujio la chini ya pampu.

Linazima ukisimama

Injini inatembea vizuri, lakini kwenye foleni ya Mwanjelwa, AC ikiwa imewashwa, mizunguko inashuka na kufa. Zima AC, ukiona tatizo limekwisha, injini haiwezi kubeba mzigo ikiwa haijakanyagwa mafuta. Ondoa bomba la hewa utazame throto. Ikiwa na weusi unaonata, isafishe kwa kitambaa chenye dawa, usikwangue na usipulize dawa moja kwa moja kwenye sensa ya hewa. Kagua eya klina pia.

Kwa gari la otomatiki kuna jaribio la dakika moja. Ukikaribia kusimama, sogeza gia N. Likiwa halizimi ukiwa N lakini linazima ukiwa D, na giaboksi imeshapata joto, klachi ya ndani ya giaboksi haiachii. Hiyo ni kazi ya fundi wa giaboksi. Kubadilisha sensa za injini hakutasaidia.

Likiwa limechemsha

Zima, ngoja nusu saa au zaidi hadi uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua. Funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kifungue robo, acha presha itoke, ndipo umalizie. Ongeza maji taratibu injini ikiwa imepoa. Maji baridi kwenye chuma cha moto hupasua hedi.

Kisha fuata mpangilio huu. Kwanza kifuniko: mpira usiwe na nyufa, na namba yake ya presha ilingane na ya gari, 0.9 au 1.1. Usiweke ya juu zaidi ukidhani unasaidia, utapasua mipira. Pili feni: washa AC, na kwa magari mengi feni ianze kuzunguka hapohapo. Tatu uso wa rejeta: oshea vumbi na majani kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje. Nne thamostati.

Thamostati ya Toyota hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 na hufunguka kikamilifu kwenye 95. Ukiipima kwenye sufuria hapa Mbeya, maji yatachemka kabla ya kufika huko, kwa hiyo isipofunguka yote usiitupe. Cha kuangalia ni kwamba inaanza kufunguka kwa wakati wake. Na usikubali itolewe moja kwa moja "ili gari lisichemshe". Asubuhi za Juni na Julai injini haitapata joto lake, petroli italiwa, na sensa zitaamini gari ni baridi siku nzima. Jaza kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Huzuia kutu, na kwa wanaolala Njombe au Makete msimu wa jalidi, huzuia maji kuganda.

Mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta mara tu injini baridi inapowashwa, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi imekwenda. Usiliendeshe, livute.

Ukikwama

*Linazima, linawaka mara moja, linazima tena baada ya kilomita chache.* Rudia hatua ya 4, kisha pima presha ya petroli ya moto.

*Linakosa nguvu kupanda, ekzosi inatoa pumzi dhaifu, sakafu inapata joto kali.* Masega ya ekzosi (katalitiki) yameziba. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele yake, endesha mwendo mfupi. Nguvu zikirudi, umepata jibu. Tafuta pia kwa nini yaliziba, mara nyingi ni plagi iliyokuwa ikimisi au injini inayokula oili.

*Linazima ukipita kwenye matuta.* Hilo si joto. Fuata waya za betri, soketi na swichi ya ufunguo, ukianza kwa kutoa mzigo wa funguo nyingine kwenye kishikizo.

*Sensa mpya imewekwa, bado linazima.* Kagua soketi na waya wake. Waya uliopita karibu na ekzosi huwa mgumu na kukatika ndani ya ngozi yake. Tikisa waya injini ikiwa inanguruma. Tahadhari pia na sensa za bei ya kutupa: chukua ya zamani dukani, linganisha namba, na kama inawezekana nunua halisi iliyotumika kuliko mpya isiyo na jina.

*Gari la kabureta, kama Hiace au Hilux za zamani.* Hapa petroli kuchemka ndani ya bomba ni tatizo la kweli, na mwinuko unalizidisha. Sogeza bomba mbali na ekzosi, rudisha bamba la kuzuia joto chini ya kabureta kama liliondolewa, na likizima funika pampu kwa kitambaa chenye maji.

*Dizeli.* Anza na chujio, hewa inayovutwa kuingia kwenye mabomba, na koili ya kuzimia iliyo juu ya pampu. Cheche haihusiki.

*Limetengenezwa, unataka uhakika.* Kuwasha asubuhi nje ya gereji hakutoshi. Literemshe kwenye joto lilikozima, Chimala au Ruaha Mbuyuni, mchana, AC ikiwa imewashwa. Liegeshe dakika 15 injini ikiwa imezimwa, maana joto chini ya boneti hupanda gari likisimama, kisha liwashe upande nalo. Malipo ya mwisho ya fundi yafanyike baada ya safari hiyo, na mkubaliane hivyo kabla hajashika spana.